Ndimi Tatu kwa Chungu Kimoja

Mama Mwiko hakuwa kiziwi. Tuelewane hapo mapema, maana siku zile ungeingia nyumbani kwake ungekuta watu wazima watatu wanampigia kelele kana kwamba yuko ng'ambo ya barabara, na yeye anaitikia kwa kichwa, macho kayalegeza, kiganja nyuma ya sikio. Masikio yalikuwa mazima kabisa. Mende akitembea juu ya gazeti chumba cha pili, alikuwa anamsikia. Kilichokufa ni pua, na pua ilipokufa iliondoka na ulimi.

Mafua ya wiki mbili ndiyo yaliyofanya. Yalimlaza, yakamchosha, yakaondoka zake. Asubuhi aliyopata nguvu akaingia jikoni, akakata kitunguu. Machozi yakatoka, harufu hakuna. Akanusa kahawa, akapata mvuke tu. Akalamba chumvi, akaona bora angelamba mchanga. Mwanamke huyu alipika kwenye bwalo la chuo cha walimu miaka ishirini na sita, na alikuwa anaweza kusimama mlangoni akasema sufuria ya tatu kutoka kushoto inaanza kushika chini. Sasa alikaa kwenye kigoda, akakitazama kijiko cha chumvi mpaka miguu ikafa ganzi.

Hakumwambia mtu. Usimhukumu haraka, na wewe ungekaa kimya. Nyumba ile jiko lilikuwa lake, na ndani yake kila kitu kilikuwa kinamuuliza yeye kwanza: mkaa, maji, mfuniko. Mpishi asiyeonja ni nani? Alijiuliza hilo swali mara moja tu, jibu hakulipenda, akaacha kuuliza.

Siku ya tatu alikuwa amefunua sufuria ya maharage, kichwa chote ndani ya mvuke, anavuta pumzi mpaka mbavu zinauma. "Sisikii," akanong'ona. Akavuta tena. "Jamani, sisikii. Sisikii kabisa!"

Wifi yake alikuwa mlangoni. Huyu wifi, dada wa mumewe, ni mshonaji mwenye chumba chake cha cherehani mtaa wa pili, na kila siku saa nne huja kunywa chai, kwa madai kwamba chai ya kwake haimkubali. Siku hiyo alikuwa amepiga hodi mara tatu bila kujibiwa. Sasa anamkuta mwenye nyumba anaililia sufuria kwamba hasikii. Na lugha yetu nayo ina mambo yake: sauti unaisikia, harufu unaisikia, ladha unaisikia, mpaka njaa unaisikia. Wifi alichukua maana iliyokuwa karibu naye, akatoka mbio na sindano zake kifuani.

"Kaka! Kaka, njoo! Mkeo masikio yamekufa!"

Mama Mwiko alifungua mdomo akanushe. Halafu akaufunga. Kwa muda wa kufumba na kufumbua alikuwa ameshapiga mahesabu yake: kiziwi anapika. Kiziwi hanyang'anywi mwiko. "Ati nini?" akasema, akapeleka kiganja nyuma ya sikio, na mambo yakaanzia hapo.

Walimpeleka kwa daktari wa masikio. Daktari akachungulia kulia, akachungulia kushoto, akawatoa ndugu nje kwanza. Walipobaki wawili Mama Mwiko akamwambia ukweli wote kwa sauti ya chini, akamwapisha asiseme. Daktari alikuna kidevu. Pua ya namna hiyo, alisema, inaweza kurudi baada ya miezi, inaweza isirudi. Kwa ndugu alitoa kauli moja tu, kwamba masikio hayana neno.

"Hayana neno," Wifi alirudia njia nzima ya kurudi. "Si ndicho tunachosema? Neno haliingii!"

Kwa hiyo kwa wiki saba Mama Mwiko aliishi kama kiziwi mwenye kusikia kila kitu. Alijua Wifi anaona mapazia yake ni mabaya. Alijua mkamwana wake anazungumza na friji. Kupika aliendelea, lakini kwa woga. Kwa vile hakuweza kuonja, alitia chumvi nusu ya kipimo, akiona chakula kilichopwaya hakina aibu kama kilichozidi. Kisha alisoma nyuso mezani. Na hapo ndipo alipochanganyikiwa, kwa sababu siku moja walikula kawaida, siku ya pili, kwa kipimo kilekile, walimaliza jagi zima la maji bila kutazamana. Mumewe alisema "Kimeiva," kama alivyosema kila siku.

Huyo mumewe, Mzee, alikuwa mkaguzi wa mizani mpaka alipostaafu. Maisha yake yote alizunguka buchani na sokoni na mawe yake ya shaba, akikagua nani anaiba robo kilo. Kazi ilimwingia damuni; neno hakulitoa kabla hajalipima, na mengi aliyaona yamepungua uzito akayaacha hukohuko. Mkamwana naye ni mfamasia. Mwanamke mzuri, mpole, lakini huwezi kumwambia "maji kidogo" akakuelewa. Atakuuliza mililita ngapi. Na yeye ndiye Mama Mwiko aliyekuwa anamwogopa. Hakumwogopa kwa ubaya, alimwogopa kwa sababu alikuwa kijana, pua yake nzima, na juzijuzi alikuwa amebandika karatasi zenye majina kwenye makopo ya viungo bila kuombwa.

Ndipo walipokuja bata.

Kijana wa nyumba, mume wa mfamasia, ni dereva wa lori. Ijumaa alipita mara moja, akashusha bata mwitu wanne waliofungwa miguu pamoja, manyoya yote, zawadi ya mkulima mmoja waliyekuwa wanamlia mpunga wake. Akambusu mkewe, akampigia mama yake kelele sikioni, "BATA, MAMA! BATA!", akaondoka na lori. Wifi alisema Jumapili atakuja kula na wala wasijaribu kumficha.

Mama Mwiko aliwatazama wale bata, akaona mlango wa kutokea. Akiwapika kwa namna ya siku zote, kila mtu mezani anajua chakula chake kinavyotakiwa kuwa. Lakini akipika kitu ambacho hakuna hata mmoja amewahi kukila, nani atasema kimekosewa? Chini ya kabati kulikuwa na chungu kizito cha chuma, mkamwana alikishinda kwenye bahati nasibu ya kazini, na ndani yake kijitabu chenye mapishi. Ukurasa wa kumi na mmoja: kitoweo cha bata mwitu kwa mtindo wa Kifaransa. Akaweka kidole hapo, akatangaza.

"Kifaransa!" Wifi alipiga kofi. "Kaka, uvae tai."

Kijitabu kilikuwa kimetafsiriwa na mtu ambaye, kwa maoni ya Wifi, alijifunza Kiswahili kwa barua. Jumamosi mchana, wakiwa uani wananyonyoa bata juu ya beseni, mkamwana alikisoma kwa sauti ya kutoa dawa. "Mwache bata alale ndani ya divai nyekundu mpaka kesho."

"Alale!" Wifi alisema, manyoya yamemjaa hadi kwenye nyusi. "Bata wa nyumba hii analala ndani ya divai, mimi naambiwa chupa hiyo usiiguse."

"Kesho yake mfute machozi, mkaange katika siagi mpaka aone haya." Mkamwana alisita. "Nadhani wanamaanisha awe mwekundu."

"Soma, soma. Huyo mwandishi nampenda."

Mama Mwiko hakucheka, kwanza kwa sababu kiziwi hacheki, pili kwa sababu alikuwa ameshaingoja ile sentensi na ikaja. *Onja.* Kila hatua iliishia hapo. Tia vitunguu, karoti, majani makavu ya harufu, onja. Tia unga kijiko kimoja, rudisha divai, onja. Punguza moto, chungu kisichemke bali kitabasamu, onja. Alihesabu mara saba. Alikuwa amekimbilia chakula kisichojulikana, na kumbe chakula chenyewe hakina njia nyingine ya kupikwa ila kwa ulimi. Huyo Mfaransa, popote alipo, alimkosea sana mama wa watu.

Alifikiri huku mikono inanyonyoa. Alipofika bata wa tatu alikuwa na mbinu.

"Mwanangu," akamwambia mkamwana kwa ile sauti kubwa ya viziwi, "wewe hujui kuonja. Kesho nakufundisha. Kila nikikwambia onja, onja, kisha niandikie umepata nini, nami nitakusahihisha."

Mkamwana alitazama juu, macho yaking'aa. Akaandika nyuma ya bahasha ya vidonge, herufi kubwa: NITAFURAHI SANA MAMA. Mama Mwiko akajisikia mwizi, lakini mwizi aliyefika mbali mno kurudi nyuma.

Jumapili asubuhi mbinu ilikwenda vizuri kuliko alivyotarajia. Bata walitolewa kwenye divai, wakafutwa, wakakaangwa kwa zamu wakaona haya sawasawa. Hapo Mama Mwiko hakuhitaji pua. Alijua siagi kwa mlio wake. Ikiimba ni maji yanatoka, ikinyamaza ni wakati wa kugeuza, na alikuwa anaisikiliza wakati Wifi kando yake anasimulia bila kificho jinsi wifi yake kiziwi anavyovaa kitambaa kichwani kama bandeji. Divai ikarudi chunguni, na majani na karoti. Mkamwana akaonja, akafumba macho, akaandika: *Uchachu: mkubwa. Utamu: mdogo. Chumvi: haijafika. Harufu: kama msitu baada ya mvua, samahani Mama, sina kipimo.*

Mama Mwiko alisoma, akatikisa kichwa kama mwalimu mkali. "Si vibaya," akasema. Akatia chumvi. Bahasha akaiweka kwenye mfuko wa aproni, na alipogeukia dirishani aliisoma tena ile ya msitu, mara mbili.

Kufikia saa tano chungu kilikuwa kinatabasamu. Mama Mwiko aliketi kwenye kigoda akimenya viazi, mgongo umewaelekea, na Wifi akateremsha sauti, mazoea tu, maana waliamini hakuna haja.

"Sikiliza, mke wa mwanetu. Hili jambo mpaka lini?"

"Lipi, Shangazi?"

"Lipi! Chakula. Jumatano nimekula wali wa kuhifadhia samaki. Jana yake hauna chumvi hata ya dawa. Masikio yamekwenda, na naona mengine yanafuata." Wifi hakuwa anatania tena, sauti yake ilikuwa imeshuka chini kabisa. "Jiko ulichukue wewe. Polepole, kwa adabu. Mwekeeni kiti kizuri barazani, mto mgongoni, apumzike. Amepika vya kutosha."

Kisu cha Mama Mwiko kilisimama katikati ya kiazi. Mto mgongoni. Huo mto alikuwa anaujua. Yeye mwenyewe, alipoolewa katika nyumba hii, alikuta mama mkwe wake ndiye mwenye jiko, mikono imeanza kutetemeka. Na yeye, kwa adabu zote, polepole, alimwekea kiti barazani na mto wa maua alioushona kwa mikono yake. Watu walimsifu sana kwa ule mto. Mama mkwe alikaa pale miaka miwili, kila asubuhi akiuliza, "Leo mnapika nini?", na hakuna aliyengoja aseme neno la pili. Hakuwahi kulifikiria jambo hilo mpaka leo, akiwa na kiazi mkononi.

Akangoja mkamwana ajibu. Mkamwana hakujibu kitu. Alikuwa anakoroga chungu, basi, na ukimya wake ulimchoma Mama Mwiko kuliko maneno ya Wifi. Akainuka, akasema kwa sauti kubwa anakwenda kutandika meza, akatoka.

Hakutandika meza. Alisimama koridoni, mlango umebaki wazi kiasi cha kiganja, apumue kidogo. Kwa hiyo aliona yote.

Mkamwana alikwenda kuchukua uyoga kibarazani. Mara hiyohiyo Wifi, ambaye hajawahi kupika kitu zaidi ya chai, na hiyo chai haimkubali, akafunua chungu, akachota chumvi kwa vidole vitatu, akatupia, akafunika. Akatoka akaenda kunawa. Mkamwana akarudi na uyoga. Akatazama mlango. Akafungua droo, akatoa kijiko chake kidogo cha kupimia, akakijaza chumvi, akasawazisha juu kwa kisu, akatia. Akakoroga mara nne. Akarudi kibarazani kuosha uyoga.

Mama Mwiko aliuma mdomo. Kwa hiyo ndiyo siri ya jagi la maji! Alitaka kuingia akawafume, lakini akiingia atasema nini? Alibaki hapo, na ndipo mlango wa pili ukafunguka taratibu. Akaingia Mzee. Mkaguzi mstaafu wa mizani, mtu aliyewahi kumfungia bucha mtu mzima kwa gramu arobaini, alikuwa anatembea kwa ncha za vidole, kidau cha chumvi cha mezani kifuani. Akafunua chungu. Akakitikisa kidau juu yake, mara moja, mara mbili, akafikiria, mara tatu.

"Mzee!" Mlango uligonga ukuta. "Hata wewe?"

Mfuniko ulimtoka Mzee mkononi, ukazunguka sakafuni na kelele za ajabu. Wifi akaingia mikono inatiririka maji, mkamwana na uyoga wake nyuma yake. Mzee, kwa aibu, alijibu kwa sauti ndogo mno, ya mtu anayejisemea mwenyewe.

"Nimetia kidogo tu."

"Kidogo? Hicho ni cha tatu! Ametia dada yako, ametia huyu, umetia wewe. Mnanipikia supu ya bahari!"

Wifi akanyoosha kidole, polepole.

"Ngoja kwanza. Amesikia. Kaka amenong'ona, na huyu amesikia."

Mama Mwiko alitazama nyuso tatu. Hakukuwa na pa kukimbilia. Akaona basi, liwalo na liwe. "Masikio yangu hayajawahi kuumwa," akasema. "Pua ndiyo iliyokufa. Pua na ulimi. Tangu yale mafua sionji kitu. Wewe ndiye uliyenipa uziwi, wifi yangu, nami nikaupokea."

"Wiki saba!" Wifi alishika koo lake. "Wiki saba napiga kelele, mpaka wateja wananiuliza kama nina kikohozi!" Kisha akakumbuka jambo, rangi ikambadilika. "Kwa hiyo yale ya mapazia..."

"Yote."

"Na ya kitambaa..."

"Cha bandeji. Nimesikia."

Wifi akajifunika uso kwa mikono iliyolowa, na mabega yakaanza kutikisika, hata haikujulikana analia au anacheka. Mkamwana ndiye aliyeshindwa kabisa. Aliweka uyoga mezani, akasema, na machozi yanashuka bila yeye kuyafuta, kwamba walidhani ni akili. Walidhani anaanza kusahau. Kila mmoja kwa siri yake alikuwa akirekebisha chakula ili yeye asijue na asione haya, na hakuna aliyejua mwenzake anafanya. "Tuliogopa, Mama," akasema. "Afadhali kumbe ni pua tu."

"Na jiko?" Mama Mwiko akauliza. Aliona afadhali alisikie leo, wote wakiwepo. "Mbona hukumjibu shangazi yako? Unalitaka?"

"Nilitaka kumwambia akome, nikashindwa nianzeje, ni mkubwa wangu." Wifi alitoa jicho moja kati ya vidole. "Mimi sitaki jiko, Mama," mkamwana akaendelea. "Naongea na watu kwenye dirisha la dawa kutwa nzima, kila mtu na ugonjwa wake. Nikirudi nataka kukuta mtu humu ndani. Nikilichukua mimi, nitakuwa nakuta sufuria."

Mama Mwiko akakimbilia kazi. "Onja," akaamuru.

Mkamwana akaonja, akarudi nyuma hatua moja. Wifi akaonja, akatema kwenye sinki bila adabu yoyote. Mzee akaonja, akameza, kwa sababu ya heshima, lakini macho yalimtoka.

"Imeharibika," alisema mkamwana.

"Mwageni, tukanunue mikate," alisema Wifi.

"Haya," Mama Mwiko akasema. "Ndimi tatu nzima hapa, na hakuna hata mmoja anayejua la kufanya. Sogeeni."

Wakasogea. Akachota mchuzi vikombe vitatu, akavitia kwenye bakuli kando. Divai iliyobaki akamnyang'anya Wifi, akaimimina yote, na maji ya moto kiasi hichohicho. Viazi alivyomenya akavikata vinene, akavizamisha vikiwa vibichi, visivyoona chumvi, vinywe. Karoti nyingine mbili, siagi donge. Akafunika, akashusha moto mpaka chungu kikarudi kutabasamu, akawazuia wasiguse kitu kwa nusu saa, na kidau cha chumvi akakitia mfukoni mwa aproni.

Halafu akawapanga kama watoto wa shule, kila mtu na kijiko.

"Bado kali," alisema Wifi.

"Imepungua kama asilimia sabini," alisema mkamwana.

"Asilimia sijui mimi. Inakuuma wapi? Mbele ya ulimi au pembeni?"

Mkamwana akafikiri. "Pembeni. Huku nyuma, pembeni."

"Basi hiyo si chumvi, chumvi imekwisha. Hiyo ni divai haijaiva. Sukari nusu kijiko, uyoga uingie sasa, dakika ishirini." Alisema hivyo bila kusita, macho juu ya chungu, mkono umeshauelekea mkebe wa sukari. Mkamwana akaandika kwenye bahasha, *pembeni = divai*, akaipigia mstari.

Walikula saa tisa alasiri, njaa imewakamata vizuri. Nyama ilikuwa inaachia mfupa yenyewe. Mchuzi ulikuwa mweusi, mzito, unang'aa, na vile viazi vilivyoletwa kuokoa jahazi vilikuwa vimegeuka rangi ya zambarau mpaka katikati. Wifi alirudia mara mbili, akatangaza kwamba Wafaransa amewasamehe. Mkamwana alipangusa sahani kwa mkate, kitu ambacho hajawahi kukifanya mbele za watu.

Mama Mwiko akatia kipande mdomoni. Kilikuwa cha moto, laini, chenye nyuzinyuzi. Zaidi ya hapo hakuna. Alitafuna akiwatazama wanavyofurahi, na tusidanganyane, ilimuuma. Jiko amebaki nalo, na kwa hilo alishukuru, lakini chakula hiki kizuri, pengine kizuri kuliko vyote alivyowahi kupika, yeye ndiye peke yake mezani asiyekuwa na habari nacho. Akaweka uma chini kimyakimya, asiwaharibie.

Mzee alimwona. Akaacha kula. Akafuta mdomo kwa leso pande zote mbili, akakohoa, na Wifi akamkonyeza mkamwana, maana kaka yake alikuwa anataka kuzungumza.

"Kwanza," alisema Mzee, "inakuja tamu. Si ya sukari. Ya karoti." Akatafuna tena kidogo, uso wa kazini kabisa. "Halafu divai. Nayo haikai, inapita. Halafu nyama yenyewe, ina ladha ya... bata huyu ametembea. Si wa bandani."

"Kaka amemaliza maneno ya mwaka mzima," Wifi akasema.

"Mwache," Mama Mwiko akamkatiza. "Endelea, Mzee."

Mzee aligeuza kipande pande zote sahanini, kama kuna upande uliofichwa uzito. "Mwisho kuna kitu kingine, sijui jina lake. Hakimo kwenye kile kijitabu. Kwenye maharage kimo, kwenye wali kimo, hata kwenye uji. Kimekuwepo tangu siku ya kwanza ulipopika nyumba hii."

Mama Mwiko alimtazama mumewe. Miaka thelathini na tisa ya "Kimeiva."

"Na siku zote hizo," akauliza, "mbona hukuwahi kuniambia?"

Mzee alionekana kushangaa kwa dhati kwamba swali kama hilo linaulizwa.

"Si ulikuwa unaonja," akasema. "Nilidhani unakijua."